Mkeka wa Laure

Kibanda cha Mardochée, fundi wa simu, kilikuwa katikati ya soko la Kalemie, pale wauza samaki wadogo wa ndagala na wauza vitenge wanapogombania kivuli. Laure aliingia na gauni lake la manjano, simu mkononi, udongo kwenye kucha.

"Simu imekula udongo," Mardochée alisema. "Unalima nayo?"

"Mukeka wangu njo unanichafua."

"Kumbe unajua kusuka. Mwanamuke wa namna hii hatoki hapa bila kuacha numero."

Laure alicheka, akidhani ni utani, akaacha numero yake.

Wakapendana. Kila jioni ilikuwa simu.

"Sheri wangu, mukeka umefika mulangoni."

"Nitaulalia lini?"

"Ukiulalia, nitakufukuza."

Nyumbani kwa Laure, Mardochée hakuwahi kuingia. Binti wa watu hakaribishi mwanamume kabla wazee hawajaonana. Basi Laure alipokwenda Kongolo kwenye harusi ya dada yake, akamwomba auangalie mkeka mbele ya nyumba, mbuzi wasiuharibu, Mardochée alijiona tayari mkwe. Alikuta mkeka wa matete barazani, akaukunja vizuri, akauweka kwa jirani. Kisha, kwa mapenzi tu, akashika jembe, akang'oa majani yote yaliyotambaa uani, akafagia mpaka ardhi ikang'aa.

Laure aliporudi, alisimama getini, Mardochée akimngoja uani.

"Jeraniumu zangu ziko wapi? Zile za kutambaa, zenye kufunika udongo kama mukeka?"

Mardochée aliangalia ardhi aliyoifagia. "Yale majani njo mukeka?"

"Miezi yote ninakuelezea. Haukuuliza hata mara moja ni mukeka gani. Utaoa mwanamuke usiyemusikia?"

Tangu siku hiyo Laure hakupokea simu yake. Mardochée akawa hali, halali. Alichakura jalalani alikotupa majani, akaokota vishina vilivyokuwa bado na mizizi, akavipanda uani kwake, akaendelea kupiga simu bila kuchoka. Hatimaye, baada ya wiki kadhaa, Laure akapokea.

"Siombi musamaha leo," Mardochée alisema. "Ninauliza tu. Jeraniumu inapenda maji asubuhi ao jioni?"

"Asubuhi. Unauliza ya nini?"

"Na ikitoa ua la pinki, nilikate ao niliache?"

Laure alikuja mbio na beseni, kitambaa cha kichwa kimeangukia shingoni. Uani kwa Mardochée kijani kilikuwa kimeanza kushikana, ua moja limechanua. Akainama, akavuta kijitawi. Mizizi ilikuwa imeshika kabisa.

"Ni yako," Mardochée akasema kwa unyonge. "Uing'oe, nitakubebea."

"Iking'olewa mara ya pili, itakufa." Laure aligeuza beseni, akalikalia, macho yakicheka. "Haiwezi kuhama tena. Tuma wazee kwa papa wangu, mimi njo nihame."