Unifute, Kisha Unioe?

Mikono miwili ilidaka kongosho moja la nguruwe asubuhi moja, katikati ya msukumano wa soko la Shanghai. Mmoja wa Gu Yunzhi, mwingine wa Tao Siming.

"Kaka, achia! Mimi nalipeleka maabara, nikatoe dawa ndani yake."

"Mimi nalipeleka sufuriani, dada. Nina njaa!"

Yunzhi, koti la buluu na mikia miwili ya nywele mabegani, akaangua kicheko. Kumbe taasisi yao ni moja: yeye mwanabiokemia, Siming mhariri wa jarida. Baridi ilipoingia walikuwa wachumba, wanangoja taasisi iwagawie chumba cha kuanzia maisha.

Haya, jarida likatoka. Dawa aliyoihangaikia Yunzhi miaka nenda miaka rudi, mpaka vidole vikababuka kwa asidi, imeandikwa jina la mkurugenzi peke yake! Mtu asiyejua hata swichi ya taa ya maabara iko wapi! Na aliyelifuta jina la Yunzhi ni nani? Siming huyohuyo. Mkurugenzi alimwahidi chumba.

Simu ya mtaa ikalia kibandani. "Yunzhi weee! Mchumba wako!" akapaza sauti Mama Qian, mtunza simu. Majirani wote wakatoa vichwa madirishani.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wa nani? Umeniuza!"

"Nilitaka tupate pa kuishi."

"Niishi humo kama nani, Siming? Kama nani?"

Akakata simu. Na alifanya vyema! Mapenzi gani hayo ya kumfuta mtu ili umwoe?

Kwenye mkutano wa taasisi Siming akasimama.

"Kazi ile ni ya Gu Yunzhi. Jina lake nililifuta mimi, kwa amri ya mkurugenzi. Toleo lijalo nalirudisha. Mkitaka, nifukuzeni."

Mkurugenzi akaiva uso kwa hasira. Jina likarudi kweli, ila chumba wakapewa wengine.

Siming akamfuata Yunzhi langoni. "Chumba ndiyo basi tena. Sina cha kukupa."

"Mama ana chumba kimoja. Tutatundika pazia katikati."

"Yaani... utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Lakini sijakusamehe, Siming. Na nikianza kukusema usiku, mama atasikia kila neno."