Wa Mwisho Katika Mstari

Phillip Okurut aliita majina kama kawaida, watu wote wakaitikia, kisha likaja jibu moja ambalo halikuwa na mwenyewe.

Ilikuwa mchana. Jua lilikuwa kali juu ya ziwa, lakini chini ya miti kulikuwa na kivuli kizito cha kijani. Wanachama wa klabu ya matembezi walikuwa wameketi juu ya mizizi, wakila chapati na mayai, wakivua buti na kuchekana vidole. Walikuwa watu wa Tororo na Busia, wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya: walimu, wauguzi, wauza nguo, hata mwanajeshi mmoja wa kambi ya Rubongi. Jumamosi moja katika kila mwezi walipanda gari asubuhi, wakashuka karibu na Majanji, wakatembea mchana kutwa katika njia ya msitu inayofuata ufuko wa ziwa, na jioni wakarudi makwao.

Msitu ule ni mnene, mtu akibaki nyuma kidogo haonekani tena. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Kila wakipumzika, Phillip aliye mbele huita majina, na kila mtu huitikia, "Nipo." Anayefunga mstari huitikia mwisho kabisa, na yeye huongeza maneno: "Nipo, na nyuma yangu hakuna mtu." Wakisikia hivyo, roho zinatulia.

Kwa muda mrefu aliyefunga mstari alikuwa Owori, fundi wa pikipiki, mume wa Abbo. Mwaka uliopita mvua ilifurisha kijito kinachoingia ziwani. Owori aliwavusha wenzake kwa kamba, mmoja mmoja, akiwatania wasipige kelele kama mbuzi. Yeye mwenyewe hakuvuka. Wavuvi walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Hawakupata hata kiatu.

Safari hii ilikuwa ya kumkumbuka, na Abbo alikuja kwa mara yake ya kwanza. Alimwacha mtoto wao mdogo, Carol, kwa mama mkwe huko Rubongi, akaazima buti za rafiki yake Annet Mugeni, Msamia wa Busia ambaye hajui kunyamaza.

"Mama Carol, ni wewe umevaa buti ama buti ndiyo imekuvaa?" Annet alimtania njiani. "Unatembea kama kuku amefungwa kamba."

Abbo alicheka. Alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Sasa, baada ya majina kuisha, Phillip alivua kofia. "Tumwite na ndugu yetu," alisema. "Tumwite kwa heshima, halafu tunyamaze kidogo."

Phillip alikuwa Mteso, mtu mwenye moyo mzuri. Hakujua. Abbo alijua. Kwa kabila lake, Jopadhola, mtu akichukuliwa na maji na mwili usionekane, badala yake huzikwa tunda la mvungunya, lile refu lenye uzito ambalo wao huliita yago. Ndivyo Owori alivyozikwa. Tunda lilivikwa shati lake, likalazwa ndani ya jeneza, likaliliwa usiku kucha. Baada ya hapo jina lake huitwa nyumbani tu, penye kaburi. Haliitwi porini wala kando ya maji, kwa sababu marehemu ameshaonyeshwa kwamba kwake ni pale kaburini, na ukimwita kwingine unamwamsha na kumpoteza.

Abbo angeweza kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini tangu mazishi watu walikuwa wakisema "marehemu", au "yule", au "baba wa mtoto". Hakuna aliyelitaja jina. Alitamani kulisikia mara moja tu likiitwa kwa sauti, kama jina la mtu anayengojwa chakula.

Akanyamaza.

"Owori!" Phillip aliita.

"Nipo."

Sauti ilitoka nyuma yao, kwenye njia waliyokwisha kuipita. Ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Phillip aligeuka, uso umembadilika. "Nani anacheza? Jamani, huu si mchezo!"

Abbo alikuwa ameshasimama, chapati imeanguka miguuni pake. Alingoja yale maneno mengine. Alingoja sana. Hayakuja. Sauti ile haikusema kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Walirudi haraka, bila nyimbo. Abbo alijikuta mkiani mwa mstari, na Annet akimvuta mkono. Nyuma yao walisikia buti zilizojaa maji zikikanyaga majani, chwapu, chwapu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Wakisimama, zinasimama. Na baada ya buti kusimama, kitu kingine, nyuma zaidi, kilichelewa kidogo kusimama.

"Usigeuke," Annet alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. "Mama Carol, nakuomba, usigeuke."

*

Kwa siku chache nyumba ya Abbo huko Rubongi ilikuwa kimya. Kisha ikaja harufu. Ilianza mchana, Abbo akichambua maharage mlangoni: harufu ya matope ya ziwani na majani yaliyooza. Alifagia, akamwaga maji ya sabuni, akachoma maganda ya machungwa. Harufu ilikaa palepale, nyuma ya nyumba, upande wa jiko.

Halafu, alasiri moja mvua ikinyesha, alisikia mtu akikung'uta matope miguuni, nje ya ukuta.

"Mwalimu," sauti ilisema. "Niletee taulo. Nimelowa."

Abbo alishika ukingo wa meza. Hakuna mtu duniani aliyemwita Mwalimu ila Owori, na hata yeye alimwita hivyo ndani ya nyumba tu. Abbo aliishia darasa la saba, lakini siku walipofahamiana alimsahihishia maandishi ya kibao cha gereji yake, na Owori alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa Mwalimu. Hilo hakumwambia hata mama yake mzazi.

"Owori?" aliuliza. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Baridi, Mwalimu. Baridi sana. Fungua."

Alikwenda mpaka mlango wa nyuma. Mkono ulikuwa juu ya komeo. Ndipo akamsikia Carol, aliyekuwa amekaa kitandani na mdoli wake, akisema kwa utulivu kama anayehesabu wageni, "Baba amekuja. Na yule mwingine amekuja."

"Mwingine yupi, mwanangu?"

"Wa nyuma. Amemshika baba hapa." Mtoto akajishika kisogo.

Abbo hakufungua. Lakini hakumfukuza pia. Alikaa chini, mgongo kwenye mlango, na upande wa pili alihisi ubao ukilemewa na mgongo mwingine, na wakakaa hivyo mpaka mvua ikakatika.

Kuanzia hapo Owori alikuja kila ilipokaribia jioni. Abbo alianza kupika mapema, amalize kazi zake, aketi pale mlangoni. Walizungumza mambo madogo madogo, bei ya unga, jirani aliyehama, jino la Carol lililotoka, na aliposimulia jambo la kuchekesha alimsikia akicheka kile kicheko cha puani, na kwa muda ule mdogo alikuwa mwanamke mwenye mume. Alijua si sawa. Kila siku alijiambia kesho atakwenda kumwambia mama mkwe, na kila kesho ilipofika alinyamaza, mpaka asubuhi aliyomwamsha Carol akakuta nywele zake zimelowa, na miguu yake baridi kama imetoka mtoni, na katikati ya vidole vyake vidogo kuna mchanga mweusi wa ufukweni, ilhali milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani na mtoto hakuwahi hata mara moja kupelekwa ziwani.

"Baba anasema niende nimshike mkono," Carol alisema, meno yakigongana. "Anasema yule akinishika mimi, atamwachia yeye."

*

Annet ndiye aliyemleta Quinter. Alikuwa mama mnene wa upande wa Kenya, aliyeuza dagaa soko la Busia na kufukuza mapepo siku zisizo za soko. Alifika kwa boda, akiwa bado ananuka samaki, akazunguka nyumba mara moja huku akiongea kwa simu na mteja. Nyuma ya jiko alikata simu.

Mama mkwe naye alikuwepo, amesimama mikono kifuani. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote, na hakumgombeza Abbo hata neno moja. Hilo lilimwumiza Abbo kuliko matusi.

"Ni jini limeiga sauti ya mume wangu?" Abbo aliuliza. Moyoni aliomba aambiwe ndiyo.

Quinter alimtazama kwa huruma. "Mama, sitakudanganya. Ni yeye."

"Basi amerudi."

"Amesukumwa. Kule majini kuna jini lililomshika siku ile. Halijui jina la mtu wala mlango wa mtu, haliwezi kuingia nyumba ya watu. Mlipomzika alikuwa amelala kwenu kaburini, salama, halikuweza kumpata tena. Mkaenda kumwita kulekule linakokaa. Sasa liko mgongoni pake. Ukimfungulia yeye, umefungua kwa wote wawili."

"Watenganishe."

"Hiyo sijui. Najua kufukuza tu."

"Tafadhali, mama yangu. Watenganishe."

Quinter alishusha macho. "Kama ningejua, wangu pia ningemtoa huko," alisema polepole. "Na mimi nilikuwa na mtu ziwani."

Akawaeleza. Kwao ufukweni, vitu vya ziwani vikipita, nyumba zote hupiga masufuria na mabati kwa pamoja, na kelele huvisukuma mpaka vinarudi majini. Nyumba inayonyamaza ndiyo vinayobaki nayo. Majirani wangesaidia, lakini Abbo mwenyewe ndiye apige kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyenyamaza jina lilipoitwa.

"Na yeye atakwenda wapi?" Abbo aliuliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mwanangu nilishamzika. Na mjukuu wangu niende kumzika kwa tunda? Utapiga, Abbo. Na mimi nitapiga."

*

Jua lilipoanza kushuka, Annet alimchukua Carol, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akabaki naye ndani ya nyumba. Majirani walisimama milangoni mwao na vifuniko na miko, wengine wakionea haya jambo lenyewe. Mama mkwe alikuwa mbele ya nyumba na beseni la bati. Abbo alisimama mbele ya mlango wa nyuma, mkononi ameshika sufuria ya ugali na mwiko.

Harufu ilikuja kwanza. Kisha buti. Kisha ule uzito juu ya ubao.

"Mwalimu," Owori alisema. "Leo umechelewa kukaa."

Nje Quinter akapiga bati lake, na nyumba zote za mtaa zikaitikia, debe, vifuniko, mabati ya paa, mbwa wakaanza kulia, na Abbo akainua mwiko akashindwa kuushusha, kwa sababu katikati ya kelele zile zote alimsikia vizuri kabisa, kama mdomo wake uko sikioni.

"Nimekosa nini? Mwalimu, hizi kelele ni za kunifukuza mimi?"

"Owori, nisamehe."

"Fungua kidogo tu. Sitaingia. Nikuone."

Mgongoni mwa Annet, Carol alianza kulia, akinyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka nywele zake, yakilowesha kanga, yakidondoka sakafuni, na Annet akapiga kelele, "Abbo, piga! Mtoto anakuwa mzito, Abbo, ananishinda, piga!"

"Mwalimu," sauti ilisema, na sasa ilikuwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mume wake, sauti ya mtu mzima anayeogopa kama mtoto. "Linasikia wanachofanya. Linanirudisha. Usiniache nirudi nalo. Mke wangu, usiniache."

Abbo akapiga.

Akapiga mpaka mpini wa sufuria ukakatika, akaiweka chini akaipiga sakafuni, akapiga huku akilia kwa sauti kubwa ili asisikie, na mlango ukatikisika kama umekamatwa na mikono mingi, na kucha zikakwaruza ubao kutoka juu mpaka chini, taratibu, kucha za mtu anayeburutwa miguu. Kisha kucha zikafika mwisho wa ubao.

Majirani waliacha mmoja mmoja. Carol alikuwa amelala, nywele zimekauka, mwili umepata joto. Quinter aliingia, akanusa hewa, akaitika kwa kichwa, akaenda nje kukaa peke yake.

Abbo aliendelea kuipiga sufuria. Mama mkwe alikuja akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akamtoa vidole kwenye mwiko polepole, kimoja baada ya kingine.

"Mimi kule mbele sikusikia," mama mkwe alisema. "Kelele zilikuwa nyingi. Aliniulizia? Aliuliza mama yuko wapi?"

Tangu siku ya kwanza Owori hakuwa amemtaja mama yake hata mara moja.

"Aliuliza, mama," Abbo alisema. "Kila siku aliuliza."

Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Akaichukua ile sufuria iliyobonyea, akaipakata mapajani, akaanza kuifuta kwa ukingo wa gauni lake.