Maji Chini ya Saluni

Asubuhi moja msusi alifungua mlango wa saluni yake, akakuta kandambili zake zinaelea. Moja ilikuwa karibu na kioo. Nyingine ilikuwa imekwenda kutembea chini ya kiti cha wateja.

"Yamerudi!" alipiga kelele. "Mume wangu, maji yamerudi!"

Mume wake, fundi wa kuweka vigae, alikuja mbio na ndoo na matambara. Waliinama wote wawili, wakaanza kuchota. Mwaka huu kila mvua kubwa iliponyesha, kazi ilikuwa hiyo hiyo.

Saluni ilikuwa ndogo, lakini msusi aliipenda kupita kiasi. Mama yake alisuka watu humo kabla yake. Yeye mwenyewe alijifunza kushika kitana akiwa amesimama juu ya kigoda, katika chumba hicho hicho. Sasa unyevu ulikuwa umepanda ukutani. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa imeungua. Wateja walichungulia mlangoni, wakaona tope, wakaenda zao.

Kulikuwa na chumba kingine cha kupanga, mbali, pembezoni mwa jiji. Mwenye nyumba wa huko alitaka jibu mwezi uleule. Huko hakuna aliyemjua msusi wala mkono wake. Kila alipotaka kumpigia, aliirudisha simu mfukoni.

"Ni yule mwalimu wa ghorofa ya juu," alisema, akikamua tambara kwa hasira. "Kabla hajahamia hapa, uliwahi kuona hata tone?"

"Sikuona," alijibu fundi.

"Basi! Bomba lake linavuja. Leo atanitambua."

Akabeba ndoo ya maji machafu, akapanda nayo ngazi, akagonga. Mlango ukafunguliwa na mwalimu wa jiografia, mwanamke mrefu, mswaki ungali mdomoni.

"Shika maji yako!" alisema msusi.

Mwalimu aliitazama ndoo. Akachovya kidole, akakisugua.

"Jirani, haya ni matope," alisema. "Mimi nikifulia haya, kazini nitavaa nini?"

Kicheko kilimjia msusi, akakimeza. Hasira zilikuwa bado hazijamwisha.

"Tazama," mwalimu aliendelea. "Kuna mchanga, kuna majani. Maji ya bombani hayaokoti majani. Haya yametoka barabarani. La kujiuliza ni kwa nini yaje kwako, yasiende kwa wengine. Subiri nivae viatu, tukatembee."

"Tutembee? Saluni inaogelea, wewe unaniambia tutembee?"

"Ndiyo. Mtaa wenyewe unaweza kutueleza."

Fundi alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Nenda, mke wangu," alisema. "Mimi nitamalizia kuchota." Alitaka amani tu, maskini.

Walianzia juu, sokoni, mtaa unapoanza kuteremka. Mwalimu alisimama.

"Mitaa yote ya hapa imenyooka," alisema. "Huu wenu kwa nini umepinda?"

"Umepinda tu. Nimezaliwa nikaukuta umepinda."

"Haya. Na zile nyumba kuukuu za kushoto? Zote zina ngazi mlangoni. Za kulia hazina."

Msusi alipita hapo kila siku tangu utotoni. Hakuwahi kuziona ngazi zile kama ngazi. Sasa alizitazama moja baada ya nyingine.

"Waliozijenga walikuwa wanakwepa kitu," alisema polepole. "Maji?"

"Huenda. Tuendelee."

Walifika kituo cha mabasi. Hapo palikuwa na kibaraza kirefu cha mawe. Watu walikikalia wakingoja basi. Muuza soksi alitandaza bidhaa zake juu yake. Mwalimu alimwomba radhi, akainama upande wa nyuma, akamwita msusi. Nyuma ya kibaraza palikuwa na shimo lenye takataka. Chini kabisa, mawe yalikuwa yamepangwa kwa nusu duara, yakatengeneza tao.

"Hiki si kibaraza," alisema mwalimu. "Nadhani ni ukingo wa daraja."

"Daraja bila mto?"

"Mto upo. Miji mingi ilijengwa hivyo. Watu walipoongezeka, mto mdogo ulifunikwa, ukatiwa kwenye mtaro wa mawe, barabara ikapita juu, ikafuata mipindo yake. Sisi tumeusahau. Maji hayajasahau njia yake."

Msusi aliinama kulichungulia tao. "Una hakika?"

"Bado. Mimi ni mgeni, na mawe naweza kuyasoma vibaya. Tumwulize mtu aliyekuwepo zamani."

Msusi alitoa simu, akampigia mama yake.

"Mama, mtaa wetu uliwahi kuwa na mto?"

Mama alicheka. "Mto sikuuona, ulishafunikwa. Tulikuwa tunausikia tu. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani yanaingia kwenye kile chuma cha mlangoni petu, yananguruma chini kwa chini. Wewe ulikuwa unatumbukiza vitana vyangu humo."

"Kile chuma chenye matundu? Mimi nilidhani ni cha kufutia tope la viatu! Mbona hukuniambia?"

"Si umeniuliza leo?"

Msusi alishusha simu. Kisha akageuka, akashuka mtaa nusu akikimbia. Mwalimu alimfuata.

Walimkuta fundi anafuta kizingiti cha saluni. Alikuwa amekijenga mwenyewe, mwaka juzi, kwa vigae vyekundu vyenye maua. Ilikuwa zawadi kwa mke wake.

"Mume wangu," alisema msusi, "chini ya vigae hivi kuna nini?"

"Kuna ufundi," alijibu kwa maringo.

"Na chini ya ufundi?"

"Kuna saruji. Halafu kile chuma kilichokuwa kinanasa visigino vya wateja wako. Nilikiziba vizuri, hata mdudu hapiti." Akatazama tambara mkononi mwake. "Hata maji hayapiti," alimalizia, sauti imemshuka.

"Lakini mwaka jana hatukupata shida!" alisema msusi.

"Mwaka jana mvua zilikuwa za rasharasha," alisema fundi. "Maji hayakufika mlangoni."

Fundi alikimbilia nyundo. Mwalimu alimshika mkono.

"Ngoja, kaka. Mtaro ni wa jiji, na hatujui huko chini pakoje. Pakibomoka utaumia. Tukatoe taarifa kwanza."

Walikwenda wote watatu kwenye ofisi ya mitaro. Siku chache baadaye mafundi wa jiji walikuja, wakaondoa vigae, wakakifunua chuma. Chini yake kulikuwa na tao la mawe, kama lile la darajani. Lakini njia ilikuwa imejaa. Zilitoka chupa, zikatoka mifuko, halafu yakatoka mafundo makubwa ya nywele. Msusi aliona aibu. Miaka yote kabla ya vigae alikuwa anafagia nywele na kuzisukumia pale.

"Hizi ni za miaka mingi," alisema fundi mmoja wa jiji.

"Basi na wateja wa mama wamo," alisema msusi. Wote wakacheka, naye pia.

Mtaro ulisafishwa. Pakawekwa chuma kipya chenye matundu membamba yasiyonasa visigino. Fundi aliwekwa mbali nacho. Ndani ya saluni msusi aliweka pipa la nywele lenye mfuniko.

Jioni alipanda tena ngazi za mwalimu. Safari hii hakubeba ndoo.

"Nisamehe," alisema. "Nilikutukana bure."

"Hukunitukana. Uliniletea maji tu," alijibu mwalimu, akamkaribisha ndani.

Mvua kubwa ilirudi katikati ya wiki iliyofuata. Mteja alikuwa kitini, kichwa kimesukwa nusu. Msusi alisimama, kitana mkononi. Maji yalikuja yakiteremka barabarani, ya rangi ya udongo. Yakafika mlangoni. Yakageuka, yakaingia kwenye chuma, yakaenda zake. Sakafu ilibaki kavu.

Msusi alichukua simu. Alimpigia yule mwenye nyumba wa pembezoni. "Chumba chako mpe mwingine," alisema. "Mimi nipo hapa hapa."

Kisha akampigia mama yake. Alichuchumaa mlangoni, akaisogeza simu karibu na chuma. Chini ya barabara mto ulikuwa unanguruma.

Mama alisikiliza.

"Ndio wenyewe," alisema.