Mkanda wa Tobia

Tobia na Athumani walikuwa wapasuaji wa mbao katika kijiji cha ujamaa, si mbali na Bumbuli. Tobia alisimama juu ya gogo. Athumani alisimama shimoni, chini ya gogo. Waliuvuta msumeno mmoja, juu na chini, tangu ukungu wa asubuhi hadi jioni. Mwaka ule wa 1975 walipasua mbao za madawati ya shule mpya.

Tobia aliumwa mgongo. Kila asubuhi alijifunga kiunoni mkanda mrefu wa turubai. Aliukaza kwa nguvu zote. Baba yake alifanya hivyo, na wapasuaji wote aliowajua walifanya hivyo. Mgongo ulipozidi kuuma, alizidi kukaza. Mwishowe akawa analala nao!

Lakini usingizi haukuja. Mchana alikuwa mkali kama pilipili. Zamani binti yake, Efrazia, alimletea maji ya kunawa kila aliporudi kazini. Siku moja maji yalimwagika kidogo, Tobia akamfokea vibaya. Tangu hapo mtoto akisikia sauti ya baba yake, hujificha nyuma ya mlango.

"Baba Efrazia, mtoto anakuogopa," alisema Esta, mke wake.

"Najua," Tobia alijibu. Jambo hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Athumani naye alikuwa na wasiwasi. "Ndugu yangu, ukishindwa kazi, mimi nitavuta msumeno na nani? Twende kwa mama Yunis."

Mama Yunis alikuwa jirani yao, nesi mstaafu.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Tobia, mbona unahema hivyo? Nenda kwanza hospitali wakupime."

Tobia alikwenda. Daktari akamwambia mifupa ni mizima, ila misuli imekakamaa. Aliporudi, mama Yunis alitandika mkeka.

"Sasa fungua mkanda."

"Mama, nitakatika!"

"Hukatiki. Misuli ikifungwa mchana na usiku inazidi kuwa dhaifu. Tena umejibana, hata pumzi haishuki vizuri. Usingizi utatoka wapi? Na mtu asiyelala hugombana hata na kuku. Nitakufundisha mazoezi yanayoitwa yoga. Yametoka India. Nilifundishwa na daktari Mhindi niliyefanya naye kazi Tanga."

Tobia alirudi nyuma. "Mama, mimi ni Mlutheri."

"Na mimi je? Jumapili unaniona wapi?"

"Kanisani."

"Basi. Wako wanaoifanya kwa imani yao. Sisi hapa tunanyoosha mwili na kutuliza pumzi tu. Lala chali."

Tobia alilala. Alivuta magoti kifuani polepole. Kisha alipiga magoti, akaweka viganja chini, akauinua mgongo na kuushusha. Athumani alicheka sana, mpaka naye akaamriwa kushuka mkekani.

"Usilazimishe," alisema mama Yunis. "Ukisikia maumivu makali, acha. Miguu ikifa ganzi, rudi hospitali. Mwisho, kaa kimya. Vuta pumzi taratibu, toa taratibu. Mawazo yakikimbia, irudie pumzi yako. Fanya kila asubuhi na jioni."

Wiki ya kwanza Tobia hakuona nafuu. Mara mbili aliushika ule mkanda, akauacha. Wiki ya tatu alilala hadi jogoo akawika. Esta alidhani anaumwa! Baada ya miezi miwili mgongo ulikuwa mwepesi, na sauti yake ikapoa.

Jioni moja alikuwa uani, amepiga magoti, anainua mgongo. Mlango ulilia. Efrazia alichungulia.

"Baba, umekuwa ng'ombe?"

"Mooo!" Tobia alijibu.

Mtoto alicheka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kata ya maji mikononi. Alitembea polepole, lakini mengine yalimwagika miguuni pa baba yake. Akasimama, akamtazama.

"Asante sana, mwanangu," alisema Tobia, akanawa kwa yale yaliyobaki.

Kesho yake alimpelekea mama Yunis kigoda alichokichonga mwenyewe. Njiani alimpita Efrazia akiruka kamba na wenzake. Kamba yenyewe ilikuwa ule mkanda wa turubai.

"Unanishukuru kwa mgongo?" aliuliza mama Yunis.

"Mgongo pia, mama," alisema Tobia. "Lakini zaidi nashukuru kwa maji ya kunawa."