Gulio la Alhamisi la Kariakoo

Haya yote ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nikikutwa na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, nitozwe faini.

Kila alasiri Joyness, mwanafunzi wa darasa la sita huko Nyabiyonza, alipotoka shule alisikia cherehani ya mama yake ikilia tangu akiwa kwenye migomba. Jumatatu ile hakusikia kitu. Mama yake, Deodatha, alikuwa barazani, ameshika kichuma kidogo kinachokaa chini ya cherehani na kushika bobini. Kilikuwa kimevunjika vipande viwili.

"Fundi wa Kayanga anasema kinapatikana Dar es Salaam tu," mama alisema. "Na Jumapili ni kipaimara. Magauni tisa nimeshayakata, hata moja sijashona. Watoto wa watu watasimama madhabahuni na nini?"

Bahati nzuri, shangazi Eustadia alikuwa Dar, amekwenda kumwona mjukuu. Angeanza safari ya kurudi Alhamisi alfajiri. Lakini masoko ya jiji hakuyajua.

"Nenda senta, dukani kwa Abdulghani," mama alimwagiza. "Yeye hufuata bidhaa huko. Mwulize soko gani, siku gani, na mtu anunueje asiibiwe."

Senta ilikuwa mbali, na njia ilikuwa ya mlima mkali. Katikati ya njia palikuwa na nyumba ya Mzee Kashaija, aliyekuwa utingo wa malori kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Unakimbilia wapi kama kuku aliyeona mwewe?"

Joyness alimweleza. Mzee alicheka, akamkaribisha kigodani na kumpa punje za kahawa ya kutafuna.

"Abdulghani wa nini? Kariakoo mimi naijua kuliko kibanja changu cha migomba! Siku ya kwanza niliingia na kidevu laini, nikatoka na ndevu. Kuna ghorofa zima la ndizi. Ukitaka mkungu wa juu, unapanda lifti!"

"Babu, tumekula kahawa pamoja. Aliyekula kahawa na mwenzake hamdanganyi."

"Nikudanganye wewe?"

"Haya, gulio lao ni siku gani?"

Mzee alikohoa. Magulio yote aliyoyajua yalikuwa na siku yake: hili Jumatano, lile Jumamosi. Akakuna kichwa. "Alhamisi. Siku nyingine utakuta mbuzi wanakula majani."

Joyness alirudi nyumbani mbio. "Abdulghani anasema Alhamisi, mama," alisema, huku akitazama vidole vya miguu yake.

Mama alimtumia shangazi picha ya kile kichuma pamoja na maelekezo. Kesho yake jioni simu ililia.

"Wifi, kama soko ni Alhamisi, basi nimebadilisha tiketi," shangazi alisema. "Nitaondoka Ijumaa, nifike Jumamosi jioni."

Mama aliiweka simu chini polepole. Magauni tisa, usiku mmoja! Akaanza kukunja vile vitambaa vyeupe ili awarudishie wenyewe. Alipofika kwenye kile cha Kemilembe, yatima anayelelewa na bibi yake, alikishika muda mrefu bila kukikunja.

Joyness alitoka na kukimbia hadi kwa Mzee Kashaija.

"Babu, niambie kweli. Kariakoo umefika?"

Mzee alitazama kando. "Nimefika... karibu. Tajiri aliniacha juu ya lori nilinde turubai siku tatu. Soko nililisikia harufu tu."

"Na Alhamisi?"

"Uliniuliza siku, mjukuu. Mzee mzima ningesemaje sijui?"

Joyness hakungoja zaidi. Alirudi kwa mama yake, akapiga magoti. "Mama, sikufika kwa Abdulghani. Nilikudanganya."

Mama hakupiga kelele. "Vaa viatu," alisema. "Twende wote."

Walimkuta Abdulghani akipanga sabuni. Aliposikia habari ya gulio la Alhamisi, alicheka hadi akaegemea kaunta.

"Mama Joyness, Kariakoo ni kila siku! Mwambie wifi yako aende kesho asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mtaa mmoja nguo, mwingine vyombo, kwa hiyo aulize wanapouza vipuri vya cherehani. Asinunue duka la kwanza. Apite matatu, asikie bei. Aoneshe ile picha. Na mkoba aukumbatie mbele kama mtoto."

Walimpigia shangazi papo hapo. Akabadilisha tena tiketi iwe ya Alhamisi, na Jumatano saa nne asubuhi akapiga simu akicheka: kichuma kilikuwa mkononi, amekipata duka la tatu. Ijumaa jioni shangazi alifika, na cherehani ikalia tena. Joyness alikaa chini ya meza akishona vifungo na pindo kwa mkono, usiku wa Ijumaa na Jumamosi yote, hadi vidole vikamwuma.

Jumapili watoto tisa walisimama madhabahuni. Gauni la Kemilembe lilikuwa jeupe kama ua la mbuni.

Baada ya ibada mama alimkalisha Joyness pamoja na Mzee Kashaija. "Kutojua si aibu," alisema. "Anayesema 'sijui' anakuacha ukamwulize mwingine. Anayebuni anakufungia njia. Wewe, Joyness, vifungo umeshona, nimekusamehe. Na wewe, mzee, umekula kahawa na mtoto ukamdanganya. Faini mikungu miwili ya ndizi."

Mzee alikubali, na siku ileile akaibeba yote miwili kichwani mwake, bila kupumzika njiani.

Hapo Joyness, niliyempa karatasi hizi asahihishe herufi, ameinua kichwa. "Babu Kashaija, mbona ulileta mmoja tu? Tena kwa baiskeli!"

Haya, mjukuu. Nipe panga. Wa pili naukata sasa hivi.