Sauti Isiyopita Kumi na Mbili

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Roret, na sipendi mtu aniambie mashine yake ina pepo. Mashine ina programu mbaya, basi. Kwa hivyo jirani yangu wa ploti, Monicah, aliponiletea laptopu Jumanne asubuhi akisema sauti inajishusha yenyewe kila saa nane mchana, nilimcheka.

"Usicheke, Baba Shirley. Nishaonywa mara mbili. Nikikosea tena wananifuta."

Kazi yake ni kusikiliza rekodi za watu kwa mtandao na kuandika wanachosema. Hedifoni zake zilikufa, kwa hivyo anatumia spika. Ndiyo kazi inayolisha watoto wawili tangu mumewe, Owiti, azikwe kwao Siaya mwezi wa pili.

Shida niliipata haraka. Programu ya simu za video ilikuwa imeruhusiwa kurekebisha sauti yenyewe. Nikaizima, nikaiacha laptopu icheze dukani mpaka jioni. Sauti ikakaa themanini kwa mia bila kutikisika. Nikajisifu sana.

Kesho yake nikampelekea nyumbani. Ni chumba kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia. Saa nane ikafika, rekodi inacheza, hakuna aliyegusa kitu. Themanini. Hamsini. Thelathini. Ikasimama kumi na mbili.

"Owiti alikuwa zamu ya usiku kiwandani, upande wa kupakia chai," Monicah akanong'ona. "Saa hizi alikuwa analala. Kumi na mbili ndiyo alikuwa ananikubalia."

"Mama, wacha hizo. Ni kitufe kimekwama."

Nikang'oa kitufe cha kushusha sauti. Chini yake kulikuwa na vumbi la chai, laini, la kahawia. Vitufe vingine vyote vilikuwa safi. Nikapuliza, nikafuta, halafu kwa hasira nikaondoa kabisa programu inayoshusha na kupandisha sauti. Sasa nione! Ikarudi themanini, ikabaki hapo. Monicah alifurahi mpaka akanipikia chapati.

Alhamisi, saa nane na dakika tano, akanipigia simu. Nilimsikia kwa shida.

"Baba Shirley, rudisha vile ilikuwa."

"Imeshuka tena?"

"Haishuki. Ameamka."

Nilikimbia. Niliogopa hata kabla sijafika, sitadanganya. Monicah alikuwa nje, amejishika mdomo. Ndani, rekodi bado inapiga kelele. Pazia lilikuwa limevimba, kama mtu ameketi kitandani na kulisukuma kwa magoti. Sikuangalia mara ya pili. Nikairudisha ile programu.

Sauti ikashuka yenyewe. Kumi na mbili.

Pazia likalegea. Kitanda kikalia mara moja, vile mtu anavyogeuka kulala.

Nilimpa Monicah hedifoni zangu. Masikioni, kumi na mbili inatosha. Hajafutwa kazi. Kuhama hataki. Anasema Owiti hana ubaya, amechoka tu. Mimi kila mwezi namsafishia kile kitufe, na kila mwezi nakikuta kimejaa vumbi la chai.

Juzi niligusa lile vumbi. Lilikuwa bado na joto, kama limetoka kiwandani sasa hivi.