Udongo Mweupe wa Jiko la Bibi

Kila alfajiri, mwaka ule wa 1951, Fides alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake kusiriba kuta za jiko kabla ya kwenda shule. Walilipamba kwa mtindo wa zamani: udongo mwekundu chini, mweupe juu, na mistari ya masizi katikati. Jumamosi Bibi angehamia kijijini kwao, Mpemba, kutoka Isongole, na Mama alitaka akute jiko kama lile alilolipamba mwenyewe ujanani, asijione mgeni.

Jumatano Fides alifunua chungu walimoweka udongo jikoni, akashtuka. Madonge ya udongo mweupe yalikuwa yamepungua. Ni nani aliyeingia humu? Nesta, binti wa jirani, alikuja kila siku kuomba moto! Jioni, kisimani, Fides alimchunguza kwa jicho la pembeni. Kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Mwizi wa udongo!" Fides alipaza sauti mbele ya wasichana wenzao.

"Huu ni unga, nimetoka kusaga!" Nesta alijibu. "Udongo wenu niupeleke wapi, nikajipake usoni?"

Wasichana walicheka. Hata hivyo, kuanzia kesho yake walimwita "Mwizi wa Udongo", naye hakuja tena kuomba moto.

Ijumaa udongo ulipungua tena. Safari hii Fides alijificha nyuma ya kuni. Punde akaingia Loisi, mke wa kaka yake, akachukua donge, akalitafuna.

"Wifi! Kumbe ni wewe?"

"Taratibu, wifi yangu," Loisi alinong'ona. "Nina mimba. Hamu imenishinda, na nimeona haya kusema."

Mama alikuwa mlangoni. "Udongo huo utakupa minyoo, mwanangu. Jumatatu nitakupeleka kwa nesi wa misheni." Kisha akamgeukia Fides. "Nawe utamwomba Nesta radhi."

"Nitakwenda kwao, Mama."

"Hapana. Ulimtukana kisimani, utamwomba radhi kisimani."

Jioni ile, kisimani, Fides alikiri kosa lake na kumwomba Nesta radhi mbele ya wasichana wale wale. Nesta alitua mtungi wake.

"Kwa hiyo unga ulikuwa unga?"

"Ulikuwa unga."

"Basi lete kikapu tukachimbe udongo. Bibi yako anafika kesho, na ukuta bado haujakamilika."

Walipokuwa wakichimba bondeni, Mama, aliyewafuata kusaidia, alisema, "Udongo ukiisha, tunachimba mwingine. Jina la mtu ukilichafua kwa dhana tu, Fides, hakuna bonde la kuchimba jingine. Hakikisha kwanza, ndipo useme."